Mjomba kaacha majarida ya Transition ya miaka ya 60: nianze kusoma wapi?

BintiNgamiani

Habari za jioni wana jukwaa. Naombeni mnivumilie, swali langu lina maelezo marefu kidogo.

Mjomba wangu, kaka yake mama, alifariki mwanzoni mwa mwaka huu hapa Tanga. Alianza ukarani wa Posta kule Kampala mwaka 1964, enzi za Posta na Simu za Afrika Mashariki, akakaa hukohuko mpaka Jumuiya ilipovunjika 1977. Alirudi na sanduku moja la bati, na tangu nipate akili sijawahi kuliona limefunguliwa. Juzi mama katupa ufunguo. Ndani tumekuta kanzu mbili, barua za bibi zimefungwa kwa uzi mweusi, stakabadhi za mshahara, na majarida matano ya Kiingereza yanayoitwa Transition. Manne yana majalada: namba 18, 26, 32 na 37. La tano halina jalada na kurasa za mwanzo zimetoka.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, sekondari. Kiingereza nasoma, lakini humu nasoma ukurasa mara tatu ndipo naanza kuona njia. Mara falsafa, mara siasa za Nkrumah wa Ghana, mara shairi, mara mtu anamjibu mtu nisiyemjua juu ya jambo ambalo sikulisoma. Nimeshindwa hata kujua lilikuwa jarida la nani. La chuo? La chama? La waandishi wenyewe?

Mtoto wa mjomba anataka tuyauze, anasema kuna mtu Dar anakusanya vitu vya zamani. Mama kakataa, na sababu hasemi. Alichosema tu ni kwamba mjomba alipokuja likizo mwisho wa 1968, ile namba 37 aliileta imeviringishwa ndani ya gazeti, akailalia chini ya godoro siku zote alizokaa. Jarida la fasihi mtu analificha kwa nini?

Anayelijua anielekeze nianzie wapi. Na kingo za karatasi zinamomonyoka kama mkate mkavu, nikishika tu naokota vumbi. Nifanyeje?

BukobaMjini

Pole kwa msiba, dada. Nilisoma Makerere miaka ya 90 na jarida hilo tulitajiwa darasani. Mwanzilishi ni Rajat Neogy, Mhindi wa Kampala.

Ila jambo moja ulijue mapema. Pesa za kuliendesha zilipitia taasisi ya Paris iliyoitwa Congress for Cultural Freedom, na mwaka 1967 ikathibitika kwamba taasisi ile ilikuwa inalishwa na CIA, shirika la ujasusi la Marekani. Ule mkutano maarufu wa waandishi pale Makerere, Juni 1962, mfadhili alikuwa huyohuyo. Kwa hiyo soma, lakini soma ukijua nani aliyelipia chapa. Mimi ningeyapeleka makumbusho.

MtunzaMajarida

Mwanangu BintiNgamiani, Mwenyezi Mungu amrehemu mjomba wako. Nimefanya kazi chumba cha majarida, katika maktaba ya chuo kimoja, miaka 31. Hilo Transition nimelishona na kulijalidi kwa mikono yangu. Kwa hiyo niruhusu nikujibu kwa nafasi.

Halikuwa la chuo wala la chama. Neogy alizaliwa Kampala, wazazi wake asili yao Bengal, akaenda kusoma London, akarudi, na Novemba 1961 akatoa toleo la kwanza akiwa na miaka 22. Hebu fikiria tarehe hiyo: mwezi mmoja kabla ya uhuru wa Tanganyika, karibu mwaka mzima kabla ya uhuru wa Uganda. Hakuna aliyejua nchi hizi zitakuwaje. Ndiyo maana ndani yake unakuta kila kitu kimechanganyika, hadithi pembeni ya katiba, falsafa pembeni ya shairi. Si ovyo. Watu wale waliona kwamba ukijadili lugha ya fasihi umeshaanza kujadili nani atatawala, na ukijadili mahakama umeshaanza kujadili nani ana haki ya kusema.

Sasa unauliza uanzie wapi. Anzia kwenye barua. Acha makala ndefu kwanza, tafuta kurasa ambazo wasomaji wanamwandikia mhariri. Vijana waliokuwa wanakuja chumbani kwangu na orodha ya mwalimu wao walikuwa wanataka makala moja tu, wapige nakala, waondoke. Niliwaambia wote: barua ndizo jarida lenyewe. Makala ni mtu mmoja amesimama. Barua ni ukumbi mzima umesimama.

Nikupe mfano. Namba 10, Septemba 1963, Mnaijeria Obi Wali aliandika makala fupi kuhusu ule mkutano wa Makerere alioutaja BukobaMjini. Mkutano ulikuwa wa waandishi wa Kiafrika wanaoandika kwa Kiingereza. Wali akasema hiyo ni njia isiyotokea upande wa pili: kukubali tu kwamba Kiingereza na Kifaransa ndivyo vyombo vya fasihi ya Afrika ni kuipeleka fasihi hiyo ukutani. Fasihi ya Kiafrika, akasema, iandikwe kwa lugha za Kiafrika. Moto ukawaka. Akajibu Mphahlele wa Afrika Kusini, akajibu Soyinka wa Nigeria, akajibu mhakiki Mwingereza Gerald Moore, na wengine. Wali naye akawajibu katika namba 12. Miaka mingi baadaye mwandishi Mkenya Ngũgĩ wa Thiong'o alipoamua kuacha Kiingereza na kuandika kwa Kikuyu, alirudi kwenye ugomvi huohuo na kumtaja Wali kwa jina.

Hilo jarida lako lisilo na jalada litazame vizuri. Ukikuta makala yenyewe ya Wali, unayo namba 10. Ukikuta watu wanamshambulia kwenye barua, huenda ni 11. Ukikuta yeye anawajibu, ni 12.

Ndugu yangu BukobaMjini, la CIA ni kweli, na silifuniki. Lakini tazama hapa. Pesa ileile iliyolipia mkutano ndiyo iliyolisaidia jarida, na jarida likachapisha makala ya kuupasua mkutano. Habari zilipotoka, Neogy hakukaa kimya. Alichapisha ndani ya jarida mahojiano aliyofanyiwa kuhusu jambo hilo. Yamo katika namba 32, ambayo dada yetu anayo, ataisoma mwenyewe na ataamua. Mimi nimeshaamua: pesa ile ilikuwa na nia mbaya na waliofichwa walidhulumiwa, kwa kuwa mtu ana haki ya kujua anakula kwa nani. Lakini hoja zilizochapwa hazikuwa za mwenye pesa. Ukisoma namba kumi mfululizo utaona hakuna upande mmoja uliopewa kiti peke yake.

Na ndiyo hapo tunafika kwenye godoro la mjomba.

Mwaka 1967 serikali ya Obote, rais wa Uganda, ilileta mapendekezo ya katiba mpya. Abu Mayanja, mbunge wa chama tawala, mwanasheria aliyesoma Cambridge, akayachambua vikali katika namba 32. Mwaka uliofuata, namba 36, Picho Ali aliandika kwamba majaji nao wanapaswa kufuata itikadi ya taifa. Mayanja akamjibu kwa barua katika namba 37. Barua, mwanangu, si makala. Ndani yake akagusia tetesi kwamba kuchelewa kuteuliwa majaji Waafrika kulikuwa na mambo ya kikabila. Oktoba 1968 yeye na Neogy wakakamatwa. Walishtakiwa kwa uchochezi, mahakama ikawaachia, wakarudishwa kizuizini kwa sheria ya hali ya hatari. Neogy alitoka Machi 1969. Mayanja alikaa mpaka 1970.

Sasa fikiria karani kijana wa Posta, Mtanzania, anaishi Kampala ugenini, anasafiri kwenda likizo na namba hiyohiyo kwenye mzigo. Angeweza kuitupa chooni. Akaileta Tanga. Mimi huyo mjomba wako sikumjua, ila kwa hilo moja namheshimu.

Neogy hakulihuisha tena jarida Kampala. Miaka ya 70 mwanzoni lilifufuliwa Accra, baadaye Soyinka akawa mhariri na likabadilishwa jina kuwa Ch'Indaba, likafa 1976. Mwaka 1991 likafufuliwa Marekani na kina Henry Louis Gates na Kwame Anthony Appiah, pamoja na Soyinka, na hadi leo lipo. Neogy alifariki San Francisco 1995. Hayo ni ya kujua tu. Miaka yenye uzito kwako ni ile saba ya Kampala.

Kuhusu karatasi. Usitumie selotepu hata kidogo, gundi yake inageuka kahawia na inakula maandishi. Usipeleke kulaminishwa. Zile pini za chuma za mgongoni zikiwa na kutu, zifungue polepole kwa kisu butu kutoka upande wa ndani, kisha shona kwa uzi mweupe wa pamba ukipitia matundu yaleyale ya zamani, usitoboe mapya. Kila jarida lifunge kwa karatasi nyeupe safi, uyalaze bapa ndani ya boksi la karatasi gumu, kabatini, mbali na ukuta wa nje. Si mfuko wa nailoni, kwa joto na unyevu wa Tanga yataota ukungu. Wala si kwenye sanduku la bati tena, bati linapika. Na gazeti liondoe kabisa. Karatasi ya gazeti ina asidi, inajiunguza na kumuunguza jirani. Naamini jalada la namba 37 lina rangi ya chai.

Usiuze. Nakuomba kama mzazi. Miaka ya 90 chuo nilichokuwa kiliamua kupunguza majarida ya zamani ili kupata nafasi. Nilikuwa likizo ya ugonjwa. Niliporudi rafu tatu zilikuwa tupu, yameuzwa kwa kilo. Wiki ile ile nilinunua karanga stendi, za shilingi hamsini, zimefungwa kwenye karatasi ya pembe. Nilipozimaliza nikaikunjua karatasi. Ilikuwa ukurasa wa barua wa Transition, mkono wangu mwenyewe umeandika namba ya rafu pembeni kwa penseli. Nilirudi kwa yule kijana nikanunua karanga zote zilizobaki kwenye beseni. Niliokoa kurasa tisa. Ninazo hadi leo.

Jambo la mwisho. Fungua namba 18, ya 1965. Tafuta makala ya Chinua Achebe, mwandishi wa riwaya wa Nigeria, kuhusu Kiingereza na mwandishi wa Kiafrika. Usiisome yote kwa mara moja. Tafuta mahali anapotaja Tanganyika. Wewe ni mwalimu wa Kiswahili, tena wa Tanga. Sikwambii zaidi, nenda kasome.

MwanafunziMlimani

Mzee MtunzaMajarida, shikamoo. Umenitoa machozi kwa hizo karanga.

Dada, niongeze kidogo. Naandika tasnifu ya udaktari kwenye nadharia ya fasihi, kwa Kiswahili, na kila mwezi nakutana na mtu wa kuniuliza kama Kiswahili kinaweza kubeba nadharia. Mwalimu mmoja aliwahi kunirudishia sura nzima kwa kuwa nilitumia “udenguzi” na “umuundo”, majina ya nadharia za uhakiki, bila kuweka Kiingereza chake mbele, kana kwamba neno halijawa neno mpaka lipigiwe muhuri ng'ambo. Maneno hayo yamo kwenye uhakiki wetu miaka mingi.

Na majarida tunayo. Lile linaloitwa Kiswahili, la Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mizizi yake ni taarifa za Kamati ya Lugha zilizoanza 1930, kwa hiyo ni kongwe kuliko Transition kwa miaka 31. Mulika nalo lipo. Kuna Swahili Forum inayotolewa Ujerumani, unaipata bure mtandaoni. Hata hivyo, mara nyingi falsafa yetu tumeiandikia nje: Kezilahabi, aliyetupa riwaya za kifalsafa kwa Kiswahili safi, tasnifu yake ya 1985 pale Wisconsin kuhusu falsafa ya Kiafrika na ufasiri wa fasihi iko kwa Kiingereza. Simlaumu, chuo kilikuwa cha huko. Lakini ule mjadala wa Obi Wali, dada, bado haujaisha. Mimi naishi ndani yake.

Namba usizokuwa nazo utazipata JSTOR, hifadhi ya majarida mtandaoni. Ukijisajili bure unaruhusiwa kusoma idadi fulani ya makala kila mwezi kwenye skrini. Anza na 10, kisha 31; kwenye 31 Ali Mazrui wetu wa Mombasa alibuni neno “Tanzaphilia” kwa wale wasomi wa nje walioipenda Tanzania hadi wakashindwa kuikosoa. Na hiyo 26 uliyonayo ina makala yake iliyowachoma wengi, alipomwita Nkrumah mfuasi wa Lenin na mfalme wa Kirusi kwa wakati mmoja, mwaka uleule aliopinduliwa.

BukobaMjini

Mzee, shikamoo. Nimekusoma. Hilo la Wali kuushambulia mkutano ndani ya jarida lililokula meza moja na mkutano sikuwa nimelifikiria hivyo, na nakubali lina uzito. Bado nasema jina la mlipaji litajwe kila mara jarida hili linapotajwa. Ila lile la makumbusho nalifuta. Dada, kaa nayo.

MtunzaMajarida

Marahaba wanangu. BukobaMjini, litajwe kila mara, hapo hatuna ugomvi.

BintiNgamiani

Shikamoo baba. Nimechukua siku nne kurudi kwa sababu nilitaka nirudi nimesoma.

Lile lisilo na jalada ni namba 12. Nimemkuta Obi Wali anawajibu. Nilifanya ulivyosema, nikaanza na barua, na ghafla nikaanza kuelewa; ni kama kuingia msibani umechelewa, unakaa kimya kwenye mkeka, unasikiliza, baada ya muda unajua nani ni nani. Jalada la 37 lina rangi ya chai kweli, na alama ya mkunjo wa gazeti imebaki. Barua ya Mayanja nimeisoma mara mbili. Mjomba hakuweka alama yoyote kwenye ukurasa ule. Kila mahali pengine ameweka alama, pale hapana. Nadhani aliogopa, na sikumlaumu.

Namba 18 niliiacha mwisho.

Achebe anasema alipita Afrika Mashariki akaonana na Shaaban Robert. Anamwita marehemu, kwa kuwa makala ilipotoka mzee wetu alishafariki, Juni 1962, mwezi uleule wa mkutano wa Makerere ambao hakuwa na nafasi ya kualikwa kwa kuwa haandiki Kiingereza. Hilo la miezi kulingana nililipata baada ya kutazama tarehe mwenyewe, na sikulala vizuri. Achebe anasema walizungumza juu ya uandishi, lakini hawakukutana hasa. Alijua amekaa na mwandishi mkubwa, ila ukubwa wenyewe uko wapi hakuweza kujua. Na Shaaban Robert akampa vitabu viwili vya mashairi yake. Anasema anavithamini, lakini kuvisoma hawezi mpaka ajifunze Kiswahili.

Kwetu hapa Shaaban Robert ni mtu wa nyumbani. Machui alikozaliwa si mbali. Nimemfundisha miaka kumi na minne, nimewakaririsha watoto beti zake wakiwa na njaa na jua la saa saba. Sikuwahi kujua kwamba aliwahi kukaa na Achebe, wakanywa labda chai, na katikati yao hapakuwa na mtu wa kuvisoma vitabu vile.

Mjomba amepiga mstari chini ya sentensi hizo zote. Pembeni, kwa penseli, kwa ule mwandiko wake wa kikarani unaolalia kulia, ameandika neno moja la Kiswahili. Kwenye majarida yote matano ni hapo tu alipoandika Kiswahili. Kwingine ni alama za mshangao na Kiingereza kifupi. Ameandika: “Ningemsomea.”

Nilimpelekea mama. Hakuvaa miwani, aliomba nimsomee. Nilimtafsiria Achebe, kisha nikamsomea neno la mjomba. Akakaa. Halafu akaniambia kitu ambacho hakuna anayekijua nyumbani: mjomba alipokuwa Kampala alikuwa anasoma mashairi ya Shaaban Robert kwa sauti jioni, kwenye nyumba za makarani wa Posta, na Waganda na Wakenya wa jirani walikuwa wanakuja kusikiliza, na wasioelewa walikuwa wanatafsiriwa na wenzao ubeti kwa ubeti. Alikuwa ameshaizoea kazi hiyo. Mama anasema aliwahi kutaka kumwandikia barua mhariri. Kama aliandika, hakumwambia.

Binamu yangu nimemwonyesha ukurasa ule, na habari ya kuuza ameiacha mwenyewe.

MwanafunziMlimani, nataka kuandika. Si juu ya mjomba, juu ya sentensi zile: nini hutokea kwa nadharia ya fasihi ya Afrika kila anapokosekana mtu wa kusoma kile kitabu kilichoko mkononi. Nitaandika kwa Kiswahili, na nitakutumia rasimu uipige nyundo bila huruma.

Baba, swali langu la mwisho ni hili. Maandishi ya penseli yameanza kufifia na ukingo wa ukurasa huo umeanza kuvunjika karibu sana na neno lenyewe, umebaki upana wa ukucha. Naogopa kugusa.

MtunzaMajarida

Mwanangu, usiguse leo. Unyevu wa mkono wako ni adui kuliko mchwa.

Kesho asubuhi, saa tatu hivi, kabla jua halijawa kali, weka meza karibu na dirisha, si juani. Tandika karatasi nyeupe. Lifungue jarida nusu tu, upande mwingine uuegemeze kwenye vitabu ili mgongo usivunjike. Picha piga bila mwanga wa kamera: moja ya ukurasa mzima, moja ya neno, na moja ukiwa umeinamisha simu pembeni ili mkandamizo wa penseli uonekane kwenye karatasi, penseli ikifutika mkandamizo hubaki. Weka nakala za picha hizo mahali patatu, mojawapo kwa mama.

Kisha kata kipande cha karatasi nyembamba, ile inayopitisha mwanga, kikubwa kuliko ukurasa kidogo, ukiweke juu yake kabla ya kufunga. Kisibandikwe, kilale tu. Penseli haitasugua ukurasa wa pili.

Ule ukingo usiubandike. Ukikatika, kipande kiingize kwenye bahasha ndogo ya karatasi nyeupe, juu yake uandike namba ya jarida na namba ya ukurasa. Kwa penseli, si kalamu.

Na makala yako ikitoka, nitumie toleo la karatasi. Nina uzi na sindano, nitalishona pamoja na zile kurasa tisa.